Wa Ng'ambo na wa Ukutani

Machi 6

Mvua imewahi mwaka huu. Kazini tumeanua mashuka ya wodi yakiwa mabichi, tukayatundika kwenye korido ya chumba cha kufulia, na wauguzi wakawa wanapita wameinama kama watu wanaoingia pangoni.

Jioni alikuja Ng'ambo. Jina hilo alipewa na mama, kwa sababu anaishi ng'ambo ya mto, na kwa mama yangu mtu akishavuka daraja ni mgeni wa nchi nyingine. Kazi yake ni kukata vioo na kupachika madirisha. Alikuja kusema kwamba mvua zikiisha na barabara zikikauka, tufunge ndoa. Mama alijibu, "Mungu akipenda," kwa sauti ya mtu anayetumaini Mungu hatapenda.

Shangazi alikuwepo. Ni dada wa marehemu baba, anaishi mtaa wa juu kule kwenye tambarare, na hana neno analolimeza. Ng'ambo alipoondoka, akaniambia, "Mwanangu, katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuoa moyo. Sisi tunaoa majirani. Babu yako alimwoa msichana waliyekuwa wakichota maji bomba moja. Baba yako na mama yako meza zao sokoni ziligusana. Angepangiwa upande wa samaki, leo ungekuwa unanuka magamba."

"Basi mimi nimeanza ukoo mpya. Nimechagua wa mbali."

"Wa mbali wapi! Upepo ulivunja madirisha ya chumba cha kufulia, ndiyo maana akaja kukaa pembeni yako wiki mbili akipachika vioo. Ungevunja ya maabara, sasa hivi angekuwa mchumba wa mpima damu."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Baadaye, nikiwa peke yangu, nikaona hakuna cha kuchekesha.

Machi 11

Mvua. Chai bila sukari, maana hakuna aliyetaka kutoka.

Machi 15

Nimerudi mapema leo, nikamkuta jirani anafunga baiskeli yake kwenye nguzo. Alinisalimia, nikaitikia huku nikitafuta ufunguo ambao tayari nilikuwa nao mkononi.

Nyumba yetu ni moja iliyogawanywa mbili kwa ukuta wa tofali za udongo. Upande mmoja mama na mimi, upande wa pili yeye, na nyuma yetu sote mlima. Anaendesha pampu za maji za mji, kwa hiyo mtaani anaitwa Bwana Pampu. Ukuta ni mwembamba kiasi kwamba najua kikohozi chake cha asubuhi na cha jioni. Mwaka jana mkewe aliondoka, na watu wakasema alikuwa anapigwa.

Mimi niliyelala umbali wa tofali moja sikuwahi kusikia kofi. Nilisikia swali. Mke akirudi sokoni, akirudi kwa dada yake, akirudi hata chooni, Bwana Pampu alimuuliza taratibu, bila kupandisha sauti, "Ulikuwa wapi?" Akijibiwa, anauliza tena. "Ulikuwa wapi?" Tena. Mpaka yule mwanamke analia, naye anaendelea kuuliza kwa upole uleule, kama bomba linalovuja.

Tangu siku hizo namwogopa, na sijui hasa ni kwa nini.

Machi 22

Mama ameniita nyuma ya nyumba. Mlimani, juu kidogo ya migomba, kuna ufa. Nimeingiza kiganja, kikaingia chote. Mama amesema huenda ulikuwepo siku zote hatukuuona. Nimemwambia ndiyo. Sote wawili tunajua haukuwepo.

Mvua haijapumzika tangu Jumapili.

Machi 28

Daraja limekwenda.

Nilikuwa natoka kazini. Watu walikuwa wamejaa ukingoni, wamekaa kimya, na ukimya wa watu wengi ulinitisha kuliko makelele. Maji yalikuwa rangi ya matofali, yamebeba magogo, mlango wa mtu, na ng'ombe mmoja aliyekuwa bado anapiga miguu. Nguzo ya katikati iliinama polepole, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeketi. Halafu daraja lote likaifuata.

Nilimpigia Ng'ambo. Nashukuru alikuwa upande wake. Alinipungia, nami nikampungia, ila kulikuwa na watu wengi pande zote mbili wanaopungiana na sina hakika nilimpungia yeye.

"Ni mto tu," aliniambia kwenye simu. "Nitazunguka barabara ya milimani."

"Wanasema ni mwendo wa siku nzima, na imekatika sehemu kadhaa."

"Basi nitakuja siku nzima."

Kisha simu ikakatika. Watu wanasema mnara wa upande wa pili umeanguka. Nimesimama pale mpaka nikalowa hadi mifupa. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwake ilikuwa muda wa kula chungwa. Leo yuko mbali kama mtu aliyehamia mwezini, na hakuna aliyehama.

Aprili 1

Ufa unaingia mkono mpaka kwenye kiwiko.

Aprili 3

Bwana Pampu alibisha hodi akiwa na sururu na sepetu. Alisema maji ya mlima lazima yaelekezwe, la sivyo yatatuingilia. Ameanza kuchimba mfereji nyuma ya nyumba, kuanzia upande wetu. "Na kwako je?" mama akamuuliza. "Kwangu mtu mmoja, mama. Kwenu wawili. Mvua ikipumzika nitamalizia."

Amechimba mpaka giza. Mama alimpelekea chai, na nilisikia akimwita "mwanangu".

Aprili 5

Mfereji unafanya kazi. Maji yanapita pembeni yakinguruma.

Aprili 8

Ng'ambo amepiga! Amepanda kilima ambako simu inashika. Upepo ulikuwa unakula nusu ya maneno yake. Aliniuliza kama tuko salama, nikamwambia kuna mtu ametuchimbia mfereji. Akasema, "Mshukuru kwa niaba yangu."

Aprili 12

Mama ana homa. Bwana Pampu amembeba mgongoni mpaka hospitali kwa sababu barabara ni tope tupu. Nilitembea nyuma yao nikiwa nimeshika mwavuli, na nilimwona mama amelaza shavu kwenye bega la yule mtu kama mtoto.

Aliporudi nyumbani, amepata nafuu, alisema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Hakutaja fimbo ya nani. Nilijifanya nafunika sufuria.

Aprili 16

Sina pa kusemea ila hapa. Nimeanza kumsubiri akohoe. Anapochelewa zamu ya pampu, nakaa nikisikiliza, na baiskeli ikigonga nguzo moyo unatua. Je, huo ni upendo, au ni woga uliopata mahali pa kuegemea? Sura ya Ng'ambo naikumbuka vipandevipande: makovu ya vidole, namna anavyofumba jicho moja anapopima kioo. Siwezi kuviunganisha vikawa mtu.

Labda yule mke aliondoka kwa sababu nyingine. Labda mtu huuliza sana kwa kuwa anajali.

Aprili 19

Zamu ndefu. Mama alishinda kwa Shangazi. Tuliporudi tulimkuta Bwana Pampu ameshaweka mkaa mlangoni kwetu, anapiga mluzi. Sijawahi kumsikia akipiga mluzi.

Aprili 24

Ng'ambo hapigi. Nikipiga, haipatikani.

Bwana Pampu amekuja amevaa shati la pasi, akaketi kwenye kiti cha baba, akaniomba kwa mama. Hakuzunguka. "Mimi nipo," alisema. "Mvua ikinyesha nipo, mama akiugua nipo. Huyo mwingine ni mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini yuko wapi?"

Mama alinitazama. Mimi nilitazama dirisha, ambalo kioo chake alikipachika huyo mwingine.

Aprili 26

Mama alinikalia tangu asubuhi. Alisema haogopi kufa, anaogopa kufa akiniacha chini ya mlima huu bila mtu. "Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu. Angekutaka, angetafuta hata punda." Alikuwa analia, na mama yangu si mliaji.

Nimekubali. Nilisema kwa sauti ndogo, tukiwa wawili tu chumbani, mlango umefungwa.

Upande wa pili wa ukuta, kiti kilisogea.

Aprili 29

Nilichelewa leo kwa sababu boila la kuchemshia maji ya kufulia liliharibika. Bwana Pampu alikuwa ameketi kizingitini kwetu, si kwake. Mvua ilikuwa inamnyeshea magoti.

"Ulikuwa wapi?"

Nilimweleza habari za boila.

Alitikisa kichwa, akatabasamu kwa upole. "Sawa. Ulikuwa wapi?"

Nilimpita, nikaingia ndani, nikafunga komeo. Nimemwambia mama, akasema mchumba ana haki ya kuuliza. Nimekaa kitandani nikiwa nimevaa viatu. Hajakohoa. Hajakohoa kabisa jioni ya leo, na najua kwa nini mtu huzuia kikohozi: anasikiliza.

Mei 2

Nataka kuandika haya kama yalivyo, bila kuongeza chumvi.

Dereva wa lori linalotuletea sabuni hospitalini amefika leo kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita, kwa njia ya milimani. Ni mzee mwenye mdomo mrefu na roho nyeupe. Nilikuwa napokea magunia, akaniambia, "Pole, binti, kwa yule kijana wa vioo. Ila mngemkaribisha hata maji ya kunywa."

"Kijana gani?"

"Wako! Nilimpakia mwenyewe safari iliyopita. Sehemu mbili lori lilikwama, akashuka kusukuma mpaka tope likamjaa masikioni. Nikamshusha barabarani pale kwenu, nikamwambia napakua nakurudia. Niliporudi nilimkuta amesimama palepale chini ya mvua. Nikamuuliza, umemkuta? Akasema, nimemkuta mwenye nyumba."

Nilimuuliza ilikuwa lini. Akafikiri, akasema siku aliyoleta dawa za wodi ya watoto. Dawa zile zilifika tarehe kumi na tisa. Siku ya mluzi.

Gunia lilinidondoka. Unga wa sabuni ulijaa sakafuni, na msimamizi akanigombeza, nami nikawa namwona akifungua mdomo tu.

Mei 3

Nimemkuta nyuma ya nyumba anasafisha mfereji. Nilichagua mahali pa wazi, mchana, mama akiwa jikoni anasikia.

"Alikuja mtu hapa kuniulizia," nilisema. "Ulimwambia nini?"

Hakushtuka. Aliegemea sepetu. "Nilimwambia ukweli."

"Ukweli gani? Siku hiyo ulikuwa hujaniposa hata."

"Ukweli uliokuwa njiani. Ulikuwa unakuja, mimi nikausogeza mbele kidogo."

"Alisafiri siku nzima!"

"Siku moja." Alicheka bila sauti. "Mimi niko hapa miaka minne. Najua ukigeuka kitandani. Najua ukilia unaziba mdomo kwa mto. Najua unaota nini, maana unasema ndotoni. Yeye anajua nini? Anajua kukata vioo."

Nilimwambia uchumba umekwisha. Alinitazama muda, akachota tope, akalimwaga pembeni polepole.

"Umekwisha unakwenda wapi?" akasema. "Ukuta ni huuhuu."

Mei 4

Mama anasema mtu aliyetuchimbia mfereji hawezi kuwa mbaya, labda mapenzi yamemzidi. Nimemwomba twende kwa Shangazi. Anasema hahami nyumba ya mumewe kwa sababu ya maneno.

Mei 5

Anagonga ukuta. Kidogo tu, kwa ukucha. Nikihama upande wa pili wa chumba, ugongaji unahama.

Nimempigia Ng'ambo mpaka chaji imeisha. Haipatikani.

Mei 6

Mvua. Ufa sitazami tena.

Mei 7

Nimerudi kutoka kazini pamoja na Shangazi, niliyemwomba aje anichukue. Bwana Pampu alikuwa kizingitini kwake. "Ulikuwa wapi?" akasema. Shangazi akamjibu yeye: "Kwa mama yako mzazi, anakusalimia." Mimi sikuweza kucheka. Yeye alicheka.

Shangazi alikaa ndani na sisi, akausikia ule ukucha ukutani. Uso wake ulibadilika. Akamwambia mama, "Shemeji, funga nguo. Jumapili natafuta mkokoteni." Mama hakubisha. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, ndivyo wasemavyo, lakini nadhani aliyesema hivyo hakulala naye ukuta mmoja.

Mei 9

Naandika nikiwa kwa Shangazi. Nisamehewe mwandiko.

Mchana tulikuwa tunafunga vyombo, mama na mimi, tukisubiri mkokoteni. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka hata. Nilifurahi, mjinga mimi. Kisha nikasikia sauti kama lori linamwaga kokoto, ila halimalizi kumwaga. Ardhi ikatikisika chini ya nyayo. Nilimvuta mama chini ya meza na nikamlalia.

Tope lilishuka kwa kishindo. Nililisikia likifika nyuma yetu, likaingia kwenye mfereji, likageuka. Liligeuka! Lilipita pembeni ya mlango wetu likikwaruza ukuta, likaondoka na jiko na kamba ya nguo. Upande wa pili, ambako mfereji haukuwahi kumaliziwa, mabati yalilia, mbao zikavunjika, kisha kukawa kimya.

Nyumba yetu ilikuwa imesimama. Ya jirani haikuwepo, isipokuwa ukuta ule tunaochangia, nao umepinda kuja kwetu kama tumbo.

Ndipo nikasikia kucha.

Kwanza zilikwaruza, halafu ngumi, halafu sauti yake ikitoka chini chini, imejaa udongo: "Jirani. Jirani."

"Yuko hai!" mama akapiga kelele. "Mwanangu, yuko hai!"

Mimi nilikuwa nimesimama. Kwa kitambo ambacho sitaki kukipima, nilitaka anyamaze. Nilitaka ile sauti ambayo nimelala nayo miaka minne izimike yenyewe bila mimi kufanya lolote. Nilikuwa na sababu. Ukuta ukivunjwa unaweza kutuangukia, kila mtu angesema hivyo, hata Shangazi.

"Jirani, sipumui."

Sururu yake ilikuwa kwenye mlango wetu wa nyuma, aliiegemeza pale tangu siku ya mfereji. Niliishika. Nilimtuma mama barabarani akaite watu, na nikapiga ukuta pale chini, karibu na sakafu, sauti ilikotoka. Tofali la kwanza lilikataa. La pili likapasuka. Udongo ukamwagika ndani kwetu, na kwenye tundu ukatokea mkono, mweusi wa tope, ukanidaka kifundo cha mkono.

Nilipiga yowe. Nilivuta mkono, hakuachia. Alinishika kwa nguvu zote za mtu anayezama, na ule ukuta ukawa unatoa vumbi juu yangu, na sikujua kama ninamwokoa au ananivuta aende nami. Nilikaa hivyo, mkono mmoja umekamatwa, mkono mwingine unachimbua matofali kwa kucha, mpaka wanaume wa mtaani walipoingia na mbao za kuegemeza ukuta. Ilibidi wawili wamfungue vidole, kimoja kimoja.

Yuko hai. Mguu umesagika.

Kifundo changu kina alama zake zote tano.

Mei 12

Shuka zake zimekuja kwetu kufuliwa. Nimezifua kama za mgonjwa yeyote.

Mei 14

Ameomba niitwe. Nilikwenda nikasimama miguuni mwa kitanda, muuguzi yuko karibu. Amekonda, macho ni yaleyale.

"Ulinisikia," akasema, "ukanichagua."

"Nimekutoa kwenye kifusi, basi. Na wewe ulituchimbia mfereji. Bila huo mama yangu angekuwa chini ya udongo. Kwa hilo nakushukuru, nitakushukuru maisha yangu yote. Lakini usije ukaishi karibu nami tena."

Alifumba macho. Nilipofika mlangoni akasema kwa upole, "Unakwenda wapi?"

Nilitoka, nikafunga mlango.

Mei 17

Kaka yake amekuja kumchukua ampeleke kwao, mbali, zaidi ya milima. Mtu mzima, mstaarabu. Alinishukuru kwa mikono miwili. Kisha akaangalia nyuma, akapunguza sauti: "Dada, usije kumuaga. Hata yule mke wake tulimwambia hivyohivyo."

Nimekaa kwenye chumba cha mashuka mpaka nilipolisikia lori likiondoka.

Mei 21

Askari wamejenga daraja la muda, mbao juu ya kamba za chuma. Watu wanavuka kwa zamu, wachache wachache, na linafungwa jioni. Shangazi anasema niende. Naogopa maji. Naogopa zaidi nitakachokikuta.

Mei 23

Nimevuka. Mbao zilikuwa zinacheza, na kati ya mbao na mbao maji yanaonekana yakikimbia. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikuwa anaomba kwa sauti, nami nikawa naitikia amina bila kusikia anachoomba.

Nilimkuta karakanani kwake, amefumba jicho moja, anapima kioo. Aliponiona alikiweka chini taratibu mno.

"Umekuja na mumeo?" akauliza.

"Sina mume. Alikwambia nini?"

"Kwamba umo ndani umelala. Na kwamba mtu asiyeweza kuvuka mto hana haki ya kumwamsha mke wa mwenzake."

"Nilikuwa kazini. Nilikuwa nafua, na mama alikuwa kwa Shangazi. Sikujua ulikuja mpaka mwanzoni mwa mwezi huu dereva aliponiambia."

Aliketi kwenye kreti. Nilimweleza yote, pamoja na yale yasiyonipendeza: kwamba nilikuwa nimeanza kumsubiri yule mtu akohoe, kwamba nilisema ndiyo. Nilipokuwa naeleza, msichana mmoja aliingia na sahani iliyofunikwa, bila kubisha hodi, kama mtu anayejua mahali pa kuiweka. Aliniona, akasimama, akaiweka, akatoka.

Ng'ambo aliitazama ile sahani.

"Anaishi mlango wa pili," Ng'ambo akasema. "Mvua ilipozidi, paa langu lilivuja, wazazi wake wakanipa kona ya kulala. Niliporudi kutoka kwenu nilikuwa naumwa, yeye ndiye aliyenipa dawa. Sijamwambia lolote. Simu niliizima kwa hasira." Alitazama vidole vyake. "Lakini mvua ingeendelea mwezi mmoja zaidi, nisingekuapia kitu."

Hasira zilinipanda, zikanishuka njiani. Ningemlaumu kwa mdomo upi?

"Na mimi vilevile," nilisema.

"Sasa je?"

"Sasa mimi nimetembea kuja. Na wewe ulisafiri kuja. Hakuna aliyetusogeza. Lakini ukimtaka huyu binti, niambie leo, nirudi daraja halijafungwa."

Alisimama, akaichukua ile sahani ikiwa bado imefunikwa, akatoka nayo. Nilibaki na vioo pande zote, na katika kila kimoja kulikuwa na mwanamke anayeogopa. Alikawia. Kila nilipofikiri sasa anarudi, alikuwa hajarudi. Kupitia dirishani nilimwona amesimama mlango wa pili, ameinamisha kichwa, anazungumza na yule msichana na mama yake. Yule mama alipokea sahani. Msichana aliingia ndani haraka, na nilimwonea huruma kwelikweli.

Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu. "Nimemwambia kila kitu," akasema. "Kesho natafuta chumba mtaa mwingine. Twende, nikusindikize."

Mei 30

Nimesogeza kitanda changu katikati ya chumba cha Shangazi, mbali na kuta zote nne. Shangazi ananiambia nimekuwa kama mgonjwa wa upasuaji. Panya akikwaruza, nakaa kitako.

Juni 5

Leo Ng'ambo amekuja hapa kwa Shangazi kwa mara ya kwanza. Nilimwona mama akijiandaa tangu asubuhi kwa maneno, midomo inacheza. Alipoingia, mama aliyasahau yote. Alimtazama kuanzia juu mpaka chini, tope limemfika magotini, akasema, "Viatu vimelowa. Vua, mwanangu."

Tumeongea kuhusu mahali pa kuishi. Yeye hataki nihame kazi, mimi sitaki kumwacha mama, mama anasema hatavuka mbao zile hata kwa mtutu wa bunduki. Shangazi akasema basi sisi tutakuwa wa kwanza katika ukoo kupendana kwa ratiba. Ndoa ni mwezi wa saba, daraja lolote litakalokuwepo.

Jioni nilimsindikiza. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya mto, mzito, na askari alikuwa anawaharakisha wa mwisho. Alivuka peke yake. Nilimwona hatua chache, kisha kofia, kisha sikuona kitu. Nilizisikia mbao tu zikilia katikati, mahali zinapocheza sana, na baadaye hata mbao sikuzisikia. Askari akaniambia, dada, nenda nyumbani. Nikamwambia ngoja kidogo.

Simu ikaita mkononi.

"Nimefika," akasema.